Jipime Nyumbani Kabla ya Kununua Sidiria

Mwezi huu tunazungumza juu ya sidiria. Wengine watacheka. Wengine watakunja gazeti haraka ili mtoto asione. Tafadhali endelea kusoma. Sidiria hununuliwa kwa fedha, na fedha hiyo imetoka shambani. Mama aliyeuza debe la mahindi akanunua sidiria, kisha akaikuta inambana mpaka hapumui vizuri, amepoteza debe lake.

Wewe mwanamume pia usigeuze ukurasa. Mara nyingi wewe ndiye unayekwenda Songea mjini. Unatoka Mpitimbi, Muhukuru au Peramiho, na umeagizwa chumvi, sabuni, daftari za watoto na sidiria ya mama. Unafika sokoni. Muuzaji anakuuliza, "Namba ngapi, kaka?" Huna jibu. Unaonyesha kwa mikono. Watu wanacheka, nawe unachukua yoyote ili uondoke upesi. Nyumbani sidiria inakuwa ndogo, na nauli ya kuirudisha ni kubwa kuliko bei yake.

Jibu la muuzaji huyo ni fupi. Ni namba moja na herufi moja. Mama analipata mwenyewe, chumbani kwake, kabla maji ya ugali hayajachemka. Anatakiwa kujua kusoma namba, kujumlisha na kutoa. Wewe unayesoma gazeti hili unaweza.

KWA NINI TUNANUNUA KWA MACHO

Bibi zetu walijifunga kitambaa kifuani, na kazi ilikwenda. Kitambaa hakina namba. Kikilegea unakifunga tena. Sidiria ni kitu kingine. Imekatwa na kushonwa kiwandani kwa kipimo, na haibadiliki kwa ajili yako.

Nguo hii si ya zamani sana. Mwaka 1914 mwanamke mmoja wa New York, Marekani, aitwaye Mary Phelps Jacob, alipewa hati ya serikali ya kutambua kuwa yeye ndiye mbunifu wa aina mojawapo ya sidiria. Ya kwanza aliitengeneza kwa leso mbili na utepe. Herufi A, B, C na D zilikuja baadaye, katika miaka ya 1930, huko huko Marekani. Viwanda vilikuwa vimeona kwamba wanawake wawili wanaweza kuwa na mgongo na mbavu sawa, lakini matiti yao yasiwe sawa. Namba peke yake haikutosha.

Hapa kwetu watu wazima wanakumbuka mwanzo wa miaka ya 1980. Nguo zilikuwa za shida. Ulinunua iliyopatikana, si iliyokutosha. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, nguo zilirudi madukani. Lakini tabia ya kuchukua yoyote haikwisha. Mpaka leo mtu anapima gunia la mahindi kwa mizani, anapima shamba kwa hatua, lakini sidiria anaitazama tu na kusema, "Hii itanifaa."

MZIGO HUBEBWA NA MKANDA

Kabla ya kujipima, itazame sidiria uliyo nayo. Ina mkanda unaozunguka kifua chini ya matiti na kufungwa mgongoni kwa ndoano ndogo. Ina vikombe viwili vya kushika matiti. Ina kamba mbili za mabegani.

Je, ni sehemu gani inayobeba uzito? Wengi watajibu kwamba ni kamba za mabegani. Sivyo. Mkanda wa chini ndio unaobeba sehemu kubwa. Kamba husaidia tu kuviweka vikombe mahali pake. Mkanda ukiwa mpana mno, unapanda juu mgongoni. Hapo uzito wote unahamia mabegani. Kamba zinakata nyama na kuacha mifereji. Mama anafikiri kwamba dawa ni kukaza kamba zaidi. Anakaza, na maumivu yanaongezeka. Fikiri sasa kwamba mama huyo ana ndoo ya maji kichwani, ana mtoto mgongoni, na msimu wa kupalilia umefika. Shingo na mgongo vitamuuma, naye atasema ni jembe.

Mkanda ukiwa mdogo mno, unaingia mwilini. Jasho na msuguano huleta michubuko na upele chini ya matiti. Vikombe vikiwa vidogo, titi linagawanyika na kutokeza juu au kwapani. Vikiwa vikubwa, vinabaki na mikunjo na havishiki kitu.

VIFAA

Kifaa bora ni futikamba ya fundi cherehani. Upande mmoja ina sentimita, upande wa pili ina inchi. Tutatumia sentimita. Kama huna, mwazime fundi wa kijijini. Lakini iangalie kwanza. Futikamba ya kitambaa iliyotumika miaka mingi hurefuka. Ilinganishe na rula ya mtoto wa shule. Sentimita 30 za rula ziwe sawasawa na sentimita 30 za futikamba.

Kama futikamba haipatikani kabisa, tumia uzi usiovutika. Uzi wa kushonea viroba unafaa sana. Zungusha uzi mwilini, shika mahali unapokutana, kisha unyooshe juu ya meza na uupime kwa rula. Rula ina sentimita 30. Ukijaa rula mbili na sentimita 21, basi 30 na 30 na 21 ni 81. Hicho ndicho kipimo chako.

KUJIPIMA

Ingia chumbani, funga mlango. Ni vizuri awepo dada, binti mkubwa au mwenzio unayemwamini, akuangalizie mgongoni. Vaa sidiria nyepesi isiyo na sponji, au usivae kitu. Usipime juu ya gauni wala sweta. Songea kuna baridi mwezi wa sita na wa saba, lakini vumilia kidogo.

Kipimo cha kwanza ni chini ya matiti. Simama wima. Zungusha futikamba chini kabisa ya matiti, mahali mkanda wa sidiria unapokaa. Mgongoni isipande wala isishuke. Iwe sawa kama mstari wa daftari. Pumua nje taratibu. Kaza kiasi cha kuigusa ngozi vizuri bila kuumia. Soma namba. Anza kuhesabu kwenye ncha ya futikamba, si kwenye alama ya 1. Andika namba hiyo.

Kipimo cha pili ni juu ya matiti. Zungusha futikamba mahali kifua kilipojaa zaidi, mara nyingi ni kwenye chuchu. Safari hii usikaze. Futikamba iguse tu. Kama matiti yako ni makubwa au yamelala, yainue kwa sidiria nyepesi kwanza. Vinginevyo utapata namba ndogo kuliko ya kweli. Soma, uandike.

Rudia kila kipimo mara mbili. Kama namba mbili hazilingani, rudia mara ya tatu. Usipime siku chache kabla ya hedhi, kwa kuwa wakati huo matiti ya wanawake wengi hujaa. Subiri hedhi iishe.

KUTAFUTA NAMBA

Kipimo cha chini ya matiti kinakupa namba. Soma orodha hii polepole:

Sentimita 63 hadi 67: namba 65, au 30.
Sentimita 68 hadi 72: namba 70, au 32.
Sentimita 73 hadi 77: namba 75, au 34.
Sentimita 78 hadi 82: namba 80, au 36.
Sentimita 83 hadi 87: namba 85, au 38.
Sentimita 88 hadi 92: namba 90, au 40.
Sentimita 93 hadi 97: namba 95, au 42.

Utaona kuna namba mbili kwa kila kipimo. Ya kwanza ni ya nchi nyingi za Ulaya, nayo inahesabiwa kwa sentimita. Ya pili ni ya Uingereza na Marekani, nayo imetokana na inchi. Sidiria nyingi zinazotoka China zinaandikwa zote mbili pamoja, kwa mfano 36/80. Usichanganyikiwe. Ni kipimo kimoja kwa majina mawili.

KUTAFUTA HERUFI

Sasa chukua kipimo cha juu ya matiti, utoe kipimo cha chini. Kinachobaki kinakupa herufi.

Ikibaki 12 hadi 14, herufi ni A.
Ikibaki 14 hadi 16, herufi ni B.
Ikibaki 16 hadi 18, herufi ni C.
Ikibaki 18 hadi 20, herufi ni D.
Ikibaki 20 hadi 22, herufi ni E.

Ikiwa imebaki 14 kamili au 16 kamili, uko mpakani. Jaribu zote mbili.

Tufanye mfano. Mama mmoja amepima chini ya matiti akapata 81. Juu ya matiti amepata 98. Namba 81 iko kati ya 78 na 82, kwa hiyo namba yake ni 80, au 36. Sasa 98 kutoa 81 ni 17. Namba 17 iko kati ya 16 na 18, kwa hiyo herufi ni C. Mama huyu anavaa 36C, yaani 80C.

Mfano wa pili. Binti amepata 74 chini na 87 juu. Fanya hesabu mwenyewe kabla ya kusoma mbele. Jibu ni 34A, au 75A.

Wengi hudhani herufi D maana yake ni matiti makubwa sana, na A ni madogo sana. Si kweli. Herufi haisimami peke yake. Kikombe cha 32D hakilingani na kikombe cha 40D. Cha 40D ni kikubwa zaidi. Herufi inasema tofauti iliyopo kati ya mbavu na matiti ya mtu huyo mmoja. Kwa hiyo usione haya kuitaja dukani, wala usijivune.

UKIFIKA SOKONI

Hapa ndipo kazi ilipo. Meza nyingi za sokoni hazina mahali pa kujaribia nguo. Sidiria nyingine zimeandikwa namba tu, hazina herufi. Tena kila kiwanda kina mkato wake. Kwa hiyo namba yako inakupeleka karibu, lakini lazima uihakikishe nguo yenyewe.

Nenda na uzi wako. Pima uzi wa urefu sawa na kipimo cha chini ya matiti, upige fundo kila mwisho. Ukishika sidiria, funga ndoano zake kwenye safu ya nje kabisa, ile inayoacha mkanda kuwa mpana zaidi. Ivute mkanda. Inapovutika kwa nguvu ya kawaida, mzunguko wake ufike urefu wa uzi wako. Ikiwa unaivuta mpaka mikono inatetemeka na haijafika, ni ndogo. Ikiwa imefika bila kuvutwa, ni kubwa, hata kama namba ni yako. Uzi huu hata baba anaweza kupewa akaenda nao. Hana haja ya kuonyesha kwa mikono.

Kwa nini safu ya nje? Kwa sababu mpira hulegea kwa kuvaliwa na kufuliwa. Ukianza na safu ya nje, baadaye unahamia ya kati, halafu ya ndani. Mkanda unadumu. Ukianza na ya ndani, ikilegea huna pa kwenda.

Kama muuzaji anakubali, ivae juu ya fulana nyembamba. Vidole viwili vipite chini ya mkanda bila shida, vitatu visipite. Mkanda usimame sawa mbele na nyuma. Kipande cha katikati ya matiti kilale kifuani. Inua mikono kama unayetwika ndoo. Inama kama unayelima. Sidiria ikipanda, au titi likatoka chini, iache.

Mara nyingine namba yako haipo. Usikate tamaa upesi. Namba ikipanda hatua moja, shusha herufi moja. Namba ikishuka hatua moja, pandisha herufi moja. Yule mama wa 36C anaweza kujaribu 38B au 34D. Vikombe vinakaribiana kwa ukubwa. Kilichobadilika ni mkanda.

Na mitumba je? Viwango vya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, vinakataza kuuza nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa, na sidiria ni mojawapo. Hata hivyo zinaonekana kwenye marundo. Sababu ya katazo ni afya ya ngozi. Mimi naongeza sababu nyingine. Mpira wa sidiria ya mtumba umekwisha kuchoka kwenye mwili wa mtu mwingine. Bei ni ndogo, lakini unanunua mkanda usiobeba.

MAMA MJAMZITO NA ANAYENYONYESHA

Mama mjamzito asitumie kipimo cha mwaka jana. Matiti hukua tangu miezi ya mwanzo ya mimba, na mbavu nazo hupanuka. Pima tena unapoona sidiria inaacha alama. Kama utanunua ya kunyonyeshea, ngoja mimba ifike wiki za mwisho, na uache nafasi kidogo kwenye vikombe. Maziwa yakijaa baada ya kujifungua, matiti yataongezeka tena.

Anayenyonyesha asivae sidiria inayobana, na ni afadhali isiwe na waya. Kubanwa kwa titi kunaweza kuzuia maziwa kupita. Titi linakuwa na uvimbe mgumu unaouma. Likipata uvimbe, wekundu na homa, usikae nyumbani ukikanda tu. Nenda zahanati upesi, na usiache kunyonyesha. Kutoa maziwa ni sehemu ya tiba.

Kuna akina mama wanaowaachisha watoto mapema wakiogopa matiti kulegea. Matiti hulegea kwa umri, kwa mimba na kwa mwili kunenepa na kukonda. Si mtoto anayeyalegeza kwa kunyonya. Sidiria nayo haizuii umri.

BINTI WA SHULE

Wasichana wengi huanza kuota matiti kati ya umri wa miaka 8 na 13. Mmoja huanza mapema, mwingine huchelewa, wote ni wazima. Mara nyingi binti hasemi. Utaona tu kwamba ameacha kukimbia, anatembea amekunja mabega, hataki tena netiboli. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, walitoa matokeo ya kuwauliza wasichana wa shule zaidi ya 2,000. Karibu nusu yao walisema matiti yanaathiri ushiriki wao katika michezo. Hao ni wa Ulaya, lakini uwanja wa shule ni uwanja wa shule.

Mama, shangazi au bibi, mwite binti pembeni. Mfundishe kujipima mwenyewe, wewe ukae karibu na kumsomea namba kama hajaizoea futikamba. Usimpime mbele ya kaka zake. Sidiria yake ya kwanza iwe laini, bila waya wala sponji. Mpime tena kila baada ya miezi michache, kwa kuwa anakua.

MANENO YANAYOSEMWA

Inasemwa kwamba sidiria huleta saratani ya matiti. Mwaka 2014 watafiti wa Seattle, Marekani, walitangaza uchunguzi wa wanawake zaidi ya 1,500 wenye umri wa miaka 55 hadi 74. Hawakuona uhusiano wowote, iwe mtu amevaa saa nyingi kwa siku au chache, iwe yenye waya au isiyo nayo. Lakini siku ya kujipima ni siku nzuri ya kujitazama. Ukiona uvimbe mpya, ngozi iliyovutwa ndani, chuchu iliyogeuka, au damu, usingoje iume. Saratani inapoanza mara nyingi haiumi. Onyesha zahanati, nao watakuelekeza hospitali.

Tena hakuna sheria ya afya inayomlazimisha mwanamke kuvaa sidiria. Anayejisikia vizuri bila hiyo si mgonjwa. Usiku, vua upumzike kama unataka.

Na juu ya fedha na simu tunazoficha humo, neno moja tu. Ukipima, vitoe kwanza.

KUITUNZA

Fua kwa mkono, kwa sabuni kidogo, bila kukamua kwa kuzungusha. Kukamua huvunja waya na kukata mpira. Anika mahali penye upepo na kivuli. Jua kali la mchana humaliza mpira upesi. Lakini kuianika chini ya kitenge kilicholowa, kwa aibu ya majirani, si vizuri pia. Haikauki, inabaki na unyevu, nawe unapata upele. Kama unaweza, uwe na mbili, moja ivaliwe na nyingine ikauke.

Mwisho, andika vipimo vyako viwili, namba, herufi na tarehe kwenye kipande cha karatasi. Kiweke pamoja na kadi ya kliniki, ambako hakitapotea. Baada ya miezi sita, au ukinenepa, ukikonda au ukijifungua, pima tena na uandike tarehe mpya chini ya ile ya zamani.